Saa Sita za Wytsum: Mtahini Apanda Pikipiki

"Leseni ninayo mimi."

Sauti hiyo ndiyo iliyotukata pumzi wiki jana. Sasa tuone uso wa mwenye sauti.

Baukje Terpstra aligeuka. Mbele yake alisimama bwana mrefu, mkavu kama ufito, koti la mvua kalifunga vifungo vyote hadi shingoni na jua linawaka. Mkono mmoja ana kikombe cha supu ya njegere, mwingine ana kadi ndogo ya njano.

"Hapana," alisema Baukje. "Yeyote yule, lakini si huyu!"

Kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki jana lilifungia samaki, mambo yamesimama hivi. Ni Jumamosi, saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Mbio za Saa Sita za Wytsum, saa nne asubuhi mpaka saa kumi, zimevuka nusu. Sjoerd mwoka mikate, mwenzake Baukje katika timu namba kumi na saba, ameanguka mzunguko wa tatu tu baada ya kupokea pikipiki, na mfupa wa mtulinga begani umevunjika. Baukje mwenyewe ametoka kuendesha saa mbili mfululizo, na sheria inamtaka apumzike saa nzima. Wasipopata mtu mwenye leseni ya mashindano ndani ya dakika kumi, namba kumi na saba inafutwa.

Na ikifutwa, Durk Postma anachukua karakana.

Ile karakana ya kando ya mfereji, Baukje na Durk waliikodi pamoja enzi za uchumba wao. Uchumba ulivunjika mwezi wa pili. Karakana haikuvunjika, na hakuna aliyekubali kuhama. Wakapeana mikono kilabuni mbele ya kijiji kizima: atakayemaliza mbio nyuma ya mwenzake, Jumatatu asubuhi anafungasha spana zake. Kwetu Friesland watu wakishapeana mkono mbele ya mashahidi, hakuna wakili wa kuutengua.

Ndiyo maana mjomba Hylke, fundi wao, alimshika Baukje bega akamnong'oneza kwa ukali.

"Mtu ana leseni, wewe unasema hapana? Umelogwa?"

"Mjomba, humjui huyu! Ni Ysbrand Wiarda, mtahini wa udereva. Alinifelisha mara nne!"

"Tatu," alisema Ysbrand taratibu. "Ya nne ulijifelisha mwenyewe. Uliondoka kabla sijaingia garini kukufuata. Nilikutafuta dakika ishirini."

Sjoerd alicheka, kisha akapiga yowe, maana kucheka na mtulinga uliovunjika haviendani. Alikuwa amekaa juu ya kreti, mkono umefungwa kwa aproni ya kuokea, kakataa kwenda hospitali mpaka mbio ziishe.

"Mpeni, jamani," aliguna. "Msinichekeshe tena, nitazimia."

Mwamuzi mkuu alikuwa mama mmoja mnene, Reinou, asiyejua kutabasamu akiwa kazini. Aliichukua ile kadi ya njano, akaigeuza huku na huku.

"Ni halali. Umeilipia kila mwezi wa kwanza, miaka kumi na tisa." Akainua macho. "Umeshindana mara ngapi, Bwana Wiarda?"

"Sijawahi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Kwa nini?"

Ysbrand alikitazama kikombe chake cha supu.

"Hakuna timu iliyowahi kuniita."

Nani amwite mtahini? Nusu ya watu uwanjani walikuwa wamewahi kufelishwa naye, na nusu nyingine waliogopa kuwa zamu yao ingefika. Mimi mwenyewe, niliyekuwa foleni ya supu hatua tatu nyuma yake, nilitazama viatu vyangu. Mara mbili, mwaka mmoja.

Mjomba Hylke alikohoa.

"Basi leo umeitwa," alisema. "Vua koti."

Suti ya ngozi ya Sjoerd ilimbana Ysbrand kama ngozi ya soseji. Mikono ilimwishia katikati ya viwiko na viganja. Kofia ngumu iliingia kwa kusukumwa na watu wawili, na ilipoingia, maneno yake yakawa yanatoka kama ya mtu aliyetumbukia pipani.

"Mnsema mni?" aliuliza.

"Nasema panda!" Baukje alifoka. "Dakika mbili zimebaki!"

Lakini Ysbrand hakupanda. Alizunguka pikipiki, akainama, akagusa mnyororo, akabonyeza tairi la mbele, akabonyeza la nyuma. Kisha akasema kitu ndani ya pipa lake.

"Anasemaje?" Baukje alimuuliza mjomba.

"Anauliza taa ya nyuma iko wapi."

"Pikipiki ya mashindano haina taa, we mzee! Panda!"

Ng'ambo ya ukuta wa makreti, timu ya Durk ilikuwa ikibadilishana. Durk alikuwa ameshuka, na mwenzake, muuza bima mmoja wa mjini, alikuwa ameingia njiani. Durk akaegemea makreti, kofia kwapani, nywele zake za dhahabu zimelala vizuri kama katoka kinyozi.

"Baukje!" aliita. "Umepata dereva au umepata mkaguzi?"

Mafundi wake wakaangua kicheko.

"Jumatatu nije na mkokoteni nikusaidie kuhama? Bure kabisa!"

"Njoo nao," Baukje alijibu. "Utabebea nywele zako."

Saa saba na dakika ishirini na moja Reinou alishusha bendera. Ysbrand aliangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akaangalia nyuma ya bega, ambako hapakuwa na mtu ila mtoto wa muuza soseji. Ndipo akaondoka, polepole, kama anampeleka mkewe kanisani.

Uwanja mzima ulicheka.

Kabla Sjoerd hajaanguka, namba kumi na saba ilikuwa mizunguko minne mbele ya Durk. Kuanguka na kunyoosha vyuma viliwagharimu saba. Sasa walikuwa nyuma kwa mitatu, na mtahini alikuwa akinyoosha mkono kuonyesha ishara kila alipokaribia kona!

"Anaonyesha anakata kushoto," mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti. "Asante, Bwana Wiarda. Tulidhani unaenda moja kwa moja mferejini."

Baukje alijifunika taulo usoni.

"Mjomba, niambie ikiisha."

"Ametulia," alisema Hylke.

"Ametulia? Amelala!"

"Angalia mstari wake. Kila mzunguko anapita palepale. Unaweza kuweka sarafu njiani akaikanyaga mara kumi."

"Na wenzake wanampita mara kumi!"

Ilipofika saa nane kasorobo walikuwa nyuma ya Durk kwa mizunguko minne. Durk alitoa kiti chake nje, akakaa, akavua viatu, akaanza kula siagi ya karanga kwa kijiko moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Hiyo tabia ndiyo iliyoanza kuuvunja uchumba, kama mtakumbuka.

Kisha upepo ukageuka.

Kwetu hatuhitaji kutazama mbingu. Tunatazama ng'ombe. Ng'ombe wa malisho ya jirani waligeuka wote kwa pamoja, makalio kaskazini-magharibi, na dakika tatu baadaye mvua ikashuka kama mtu kapindua beseni.

Wytsum ni uwanja wa ndege wa zamani. Ile saruji ikilowa inakuwa sabuni. Katika mzunguko wa kwanza wa mvua walianguka wanne. Mzunguko wa pili, sita. Watu walitembea kwenye nyasi wakikokota pikipiki zao kama mbuzi wakaidi, na waliobaki juu wakaanza kwenda kwa woga, miguu nje, kama bata.

Ysbrand Wiarda hakubadilisha chochote. Mwendo uleule. Mstari uleule. Mkono uleule nje kila kona.

Isipokuwa sasa, mwendo ule ulikuwa ndio wa kasi kuliko wote.

"Amempita mmoja," alisema Hylke.

Baukje alishusha taulo.

"Amempita mwingine. Wawili! Watatu!"

"Mjomba, hebu sogea." Baukje alipanda juu ya kreti. Macho yalimtoka. "Anafanyaje? Hashiki breki ghafla. Hafungui petroli ghafla..."

"Ndicho alichotaka kukufundisha mara nne," Sjoerd alisema kutoka chini.

"Mara tatu!" Baukje alijibu, na mara akajiuma mdomo, maana alisikia ametetea upande wa nani.

Saa nane na nusu, yule muuza bima wa Durk aliteleza kwenye Kona ya Ng'ombe. Aliinuka, akapanda tena. Dakika kumi baadaye aliteleza palepale, na safari hii hakusimama mpaka mferejini. Kofia yake ndiyo iliyoonekana kwanza, ina magugu juu. Ikabidi trekta na kamba.

"Hajambo, hajambo!" mtangazaji alituliza. "Anauliza kama bima yake inalipa maji."

Durk alisimama na soksi zake kwenye tope, kijiko mkononi. Ilichukua dakika nane kuitoa pikipiki yake, na dakika hizo nane namba kumi na saba ilipita mbele ya macho yake mara tatu, mkono nje kwa adabu.

Saa tisa mvua ilikatika ghafla kama ilivyoanza. Reinou akabandika karatasi ya matokeo, na Baukje akapenya kati ya watu kuisoma.

Walikuwa katika mzunguko uleule na Durk. Tena mbele, kwa sekunde arobaini.

Alirudi mbio, akamkumbatia Sjoerd, Sjoerd akapiga yowe la pili la siku.

"Saa ngapi anamaliza muda wake?" Baukje aliuliza, tayari anafunga zipu.

"Saa mbili zake zinaisha tisa na dakika ishirini na moja," alisema Hylke. "Akizidisha hata sekunde moja, tunakatwa mizunguko mitatu. Nitamwonyesha kibao tisa na kumi na saba, nafasi ipo tele. Halafu sikia hii." Akashusha sauti, akitazama upande wa Durk. "Hatuweki petroli."

"Wazimu huo. Baada ya saa mbili?"

"Nimekokotoa. Mtu anayeendesha vile anakunywa nusu ya unachokunywa wewe. Tangi lina zaidi ya theluthi. Dakika arobaini zako zinatosha. Durk lazima ajaze, sisi tunabadilishana tu. Anashuka, unapanda, umekwenda."

Baukje alimbusu mjomba kwenye kipara.

Na hapo, mbele ya makreti, alifanya jambo ambalo asubuhi ile angelikataa hata akishikiwa kisu. Aliokota koti la mvua la Ysbrand lililokuwa limelala topeni, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari, karibu na koti lake.

Saa tisa na dakika kumi na saba Hylke alinyanyua kibao. Neno moja, herufi kubwa: INGIA.

Namba kumi na saba ilitokea mwisho wa uwanja, ikakua, ikakaribia. Baukje alisimama tayari, kofia kichwani, miguu imetanuka.

Ysbrand akapita.

Hakuingia. Alipita kibao kile kwa kasi, mwili umesimama wima juu ya pikipiki, akapotea konani.

"Nini?" alisema Hylke.

Uwanja mzima uliguna. Mtu aliyewahi kumfelisha mchungaji kwa kusimama kidole kimoja mbele ya mstari! Mtu huyo ameonyeshwa kibao, akakipita!

"Ameonja utamu," Sjoerd alisema kwa huzuni. "Miaka kumi na tisa. Sasa hataki kushuka."

"Nitamshusha mimi kwa meno!" Baukje alilipuka. "Saa ngapi?"

"Tisa, kumi na saba na nusu. Mzunguko ni dakika mbili na kitu. Akija sasa hivi, tumepona. Akipita tena..."

Mama Reinou alikuwa amesogea, saa yake ya kushika mkononi, uso kama ukuta.

Jirani, Durk alikuwa akimsubiri muuza bima wake aingie. Fundi ameshika kopo la petroli. Durk ameegemea makreti, anatazama, anatabasamu.

"Mkaguzi wako kavunja sheria, Baukje! Umemwambukiza!"

Dakika moja. Dakika moja na nusu. Mbili.

"Yuko wapi?"

"Simwoni."

"Mjomba, yuko wapi?"

Dakika mbili na nusu. Muuza bima akaingia, Durk akarukia kiti, fundi akaanza kumimina petroli. Kila mtu kwenye makreti alikuwa amepanda juu ya kitu.

"Yule!" Sjoerd alipaza sauti.

Alikuwa anakuja. Lakini anakuja vipi! Gia ya kwanza, injini inanguruma kwa uchungu, buti zote mbili zimeshushwa chini, zinaburuzika kwenye saruji. Pikipiki tatu zilimpita kama kasimama. Zile sekunde arobaini za thamani zilikuwa zikimwagika mbele ya macho yao kama maziwa kutoka ndoo iliyotoboka.

"Sasa anajifanya mpole!" Baukje alipiga kelele. "Mzunguko mzima alizidisha kwa tamaa, sasa anatembea!"

Tisa, dakika ishirini na sekunde hamsini, gurudumu la mbele liligusa mstari wa mafundi. Reinou alibonyeza saa yake.

"Halali," alisema.

"Durk anatoka!" Hylke aliita wakati huohuo. "Amemaliza kujaza! Anatoka!"

Kweli. Pikipiki ya Durk iliruka mbele, ikachimba tope, ikaelekea njiani.

Baukje alikuwa amekwishamshika Ysbrand kwapa, anamvuta ashuke. Ysbrand alikuwa anazungumza. Alizungumza kwa nguvu, kichwa kinatikisika, na kutoka ndani ya ile kofia ndogo ya Sjoerd kikatoka kitu kama "mnki mnmbele, mnki mnmbele".

"Tutaongea baadaye, bwana! Shuka!"

Ysbrand alinyoosha kidole mbele. Baukje akatazama mbele, akaona Durk anakimbia.

"Namwona! Shuka!"

Mtahini alishuka, akajaribu kuushika usukani. Baukje akamsukuma kifuani kwa kiganja, akarukia kiti. Ysbrand alikunja ngumi, akaifungua, akaikunja, akaifungua. Baukje alidhani anamtakia heri. Akamwinulia dole gumba.

Akaachia klachi. Akaenda.

Ysbrand alikimbia nyuma yake hatua kumi na moja, nilizihesabu, suti inampasukia mgongoni. Kisha akasimama, akaanza kupambana na mkanda wa kofia. Ulikuwa umelowa, umekaza. Hylke alimwendea, bado ana hasira.

"Kilikupata nini? Miaka yote unawafundisha watu kusimama, leo umeonyeshwa kibao hukusimama!"

Mkanda ulikubali. Kofia ilitoka na kelele kama ya kizibo. Uso wa Ysbrand Wiarda ulikuwa mweupe kama jibini changa.

"Sikusimama," alisema akihema, "kwa sababu sikuweza. Paipu ya breki imepasuka. Mafuta yote yamemwagika. Breki ya nyuma ni dhaifu, ya mbele haipo."

"Unasemaje?"

"Haipo! Nimezunguka mzunguko mzima natafuta namna ya kupunguza mwendo! Nimemwambia! Nimemwambia mara nne!"

Sjoerd aliinuka kutoka kwenye kreti, akasahau kabisa maumivu yake. Hylke alikwishageuka, anakimbia ukingoni mwa njia, kibao mkononi, herufi zinaangalia upande usiofaa.

Amechelewa.

Ile njia ndefu ya kurukia ndege ina mita mia sita, na Baukje alikuwa ameshakula mia tano. Jua lilikuwa limetoka. Saruji ilikuwa inakauka, inafuka mvuke. Alikuwa amelala juu ya tangi, kidevu kimegusa chuma, injini inaimba kama haijawahi kuimba mchana kutwa, na mgongo wa Durk ulikuwa unazidi kukua: mita thelathini, ishirini, kumi na tano. Mbele yao Kona ya Ng'ombe, na nyuma ya kona, mfereji.

"Leo nakupitia ndani," alisema Baukje kwa sauti. "Jumatatu uje na mkokoteni wako."

Alisubiri. Alisubiri kuliko alivyowahi kusubiri mwaka mzima ule. Kisha akavuta breki kwa vidole vinne.

Kishikio kikaja chote mpaka kwenye mpini, laini, hakina ubishi, kama chuchu ya ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa.

Akavuta tena. Hakuna kitu.

Na hapo mbele yake, mita nane, Durk naye akafunga breki zake. Zilikuwa nzima kabisa.